Dodoso linasema 92% wameridhika, daftari la nusura ajali ni karibu tupu: nimpe mkurugenzi daraja gani?

ZamuYaUsiku

Wakuu, naombeni mwongozo. Kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, Singida, watu 240, kati yao 60 ni vibarua wa msimu, zamu tatu. Mteja mkubwa anataka kuona tathmini ya ukomavu wa utamaduni wa usalama kabla ya kusaini mkataba, na mkurugenzi anaidai ripoti ndani ya wiki tatu.

Utumishi waligawa dodoso la maswali 20: 92% "nakubali" au "nakubali kabisa". Mwaka uliopita hakuna aliyeumia hadi kukosa kazi. Cheti cha OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) tunacho. Daftari la nusura ajali, yaani matukio yaliyokaribia kuumiza mtu, lina maingizo mawili tu tangu Januari. Je, kwenye ile ngazi ya hatua tano ya kupima ukomavu huo sisi ni wa ngapi, na ushahidi gani unakubalika?

Kihatarishi

Cheti cha OSHA kinaonyesha mmekidhi matakwa ya sheria siku mlipokaguliwa. Ni muhimu, ila hakijibu swali la huyo mteja.

Ngazi ya hatua tano ilianza na tatu za mtafiti Ron Westrum, kisha mtafiti mwingine, Patrick Hudson, na wenzake wakaifikisha tano wakiwa na kampuni za mafuta na gesi. Usiisome kwa maneno makubwa. Chukua tukio moja: kibarua ameingiza mkono kwenye konveya ya skruu kuondoa mbegu zilizokwama, glavu ikanaswa, akawahi kuuchomoa mkono.

Hatua ya kwanza: anatukanwa, kesho haitwi kazini. Ya pili: hakuna kinachofanyika kwa kuwa hakuumia. Angekatika kidole, hapo ndipo mngeitwa wote kwenye mkutano wa dharura. Ya tatu: fomu inajazwa, inapewa namba, sababu inaandikwa "kutokuwa makini", inafungwa kwa "amekumbushwa". Ya nne: msimamizi anauliza mbegu zinakwama mara ngapi kwa zamu, kwa nini zinakwama, na kwa nini kifuniko kinafunguka mashine ikiwa inazunguka. Wiki hiyo hiyo fundi umeme anafunga swichi inayozima mota kifuniko kikiinuliwa. Ya tano: waendeshaji walishasema mbegu zinakwama kabla glavu ya mtu haijanaswa, na zamu zote tatu zinajua.

Viwanda vingi vyenye mafaili mazuri vinaishia ya tatu. Tena karakana inaweza kuwa ya nne wakati ghala la mbegu liko ya pili, kwa hiyo toa daraja kwa kila idara. Daraja moja la kiwanda kizima halimsaidii mtu.

MamaTakwimu

Hilo dodoso, nani aligawa na nani alikusanya? Kama ni Utumishi, ile ofisi inayoamua kibarua gani arudi msimu ujao, hiyo 92% imepima woga.

Lirudie kwa utaratibu huu. Tumia dodoso lililokwisha jaribiwa, mfano NOSACQ-50 ya watafiti wa nchi za Nordiki: sentensi 50, vipengele 7, majibu 1 hadi 4. Baadhi ya sentensi zimegeuzwa makusudi, yaani kukubali ni jibu baya. Hizo unazigeuza kwa kutoa jibu kutoka 5 kabla ya kupiga wastani, na ukisahau hatua hiyo hesabu yote imeharibika. Faida yake nyingine: aliyeweka "nakubali" kuanzia juu hadi chini anajianika. Hesabu fomu za namna hiyo kila idara na uandike idadi yake kwenye ripoti.

Watu 240 hawahitaji sampuli, wape wote. Wasiosoma vizuri wasomewe kwa sauti kwenye kundi, kila mtu akiweka alama kwenye karatasi yake, na msomaji asiwe mtu wa kiwandani. Usiulize jina, umri wala miaka ya kazi; ukijua idara, umri na jinsia umeshamjua mtu. Uliza idara, na kama ni msimamizi, mwajiriwa au kibarua. Kundi lenye fomu chini ya 10 liunganishe na jingine.

Waandaaji wake huchukulia wastani unaozidi 3.30 kuwa mzuri na ulio chini ya 2.70 kuwa dhaifu. Mimi hutazama zaidi pengo: viongozi karibu kila mahali hujipa alama za juu kuliko wanavyopewa na wafanyakazi. Wasimamizi wakiwa na 3.4 na vibarua 2.6 kwenye kipengele kile kile, hiyo ndiyo habari ya ukurasa wa kwanza.

KufuliNyekundu

Dodoso ni theluthi moja tu ya kazi. Mbili zilizobaki ni makaratasi na kwenda sakafuni.

Makaratasi kwanza, kwa kuwa hayabadilishi tabia yakisikia unakuja. Chukua hati za stoo za miezi 12 uone plasta na bandeji ngapi zimetoka, kisha linganisha na daftari la huduma ya kwanza. Pakiti zimeisha na daftari lina majina manne? Watu wanajifunga vidonda wenyewe kimyakimya. Kisha fomu za ukaguzi wa foklifti wa kila asubuhi: tafuta tarehe ambazo foklifti ilikuwa gereji. Ukikuta vyema vimewekwa siku hizo, zamu hiyo umeshaijua. Vibali vya kazi ya kuchomelea navyo vitazame saa. Vibali vya Jumatatu hadi Ijumaa vyenye wino mmoja na saa 2:00 kamili asubuhi vilijazwa siku moja.

Kufuli za kufungia mashine wakati wa matengenezo zihesabu kwa mkono. Mafundi 9 na kufuli 3 zinazofunguliwa na ufunguo mmoja, hapo hakuna ufungaji hata kama utaratibu uliobandikwa ukutani una kurasa sita. Kila fundi awe na kufuli yake na ufunguo wake. Simama pia mmoja wao akisafisha ekspela (mashine ya kukamua mafuta): amezima kwa kitufe tu, au amekata umeme kwenye swichi kuu, akafunga, kisha akajaribu kuwasha ili ahakikishe? Hatua ya kujaribu kuwasha ndiyo inayorukwa zaidi.

Nenda saa 9 usiku pia, bila taarifa.

Mahojiano: makundi ya watu 5 hadi 7 wa ngazi moja, bosi wao asiwepo, dakika 45. Swali linalozaa kuliko yote: "Mara ya mwisho kazi kusimamishwa kwa sababu ya usalama ilikuwa lini, nani alisimamisha, na kesho yake alifanywaje?" Wakikosa hata mfano mmoja, au mfano pekee ni wa meneja, andika hivyo hivyo.

KipimaPresha_Nbi

Niongeze kumbukumbu za kamati ya usalama. Huku Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai kamati penye watu 20 au zaidi, na ukaguzi wa usalama kila baada ya miezi 12, kwa hivyo makaratasi huwa tele. Soma mikutano minne ya mwisho: hoja ngapi zililetwa na wawakilishi wa wafanyakazi, na ngapi zinarudi kila mkutano zikiwa na "inashughulikiwa"? Kisha uende ukazione kwa macho zile zilizoandikwa "imefungwa".

ZamuYaUsiku

Shukrani sana wakuu. Mawili yamebaki: mkurugenzi anang'ang'ania "sifuri ya ajali" iwe kipimo kikuu, na kuna bonasi ya sh 20,000 kwa kila mtu zamu ikimaliza mwezi bila ajali.

MamaTakwimu

Mpigie hesabu. Watu 240 × saa 45 × wiki 50 = saa 540,000 kwa mwaka. Kiwanda ambacho hali yake halisi ni majeruhi 3 kwa mwaka kitapata, kwa bahati tu, mwaka mmoja kati ya 20 usio na hata mmoja. Sifuri ya mwaka mmoja kwa ukubwa wenu haitofautishi kiwanda kizuri na cha wastani.

Pia majeraha madogo hayakuambii kitu kuhusu boila. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP, Texas City, kililipuka tarehe 23 Machi 2005, watu 15 wakafa na 180 wakajeruhiwa. Jopo huru lililoundwa baada ya mlipuko huo, chini ya James Baker, lilisema katika ripoti yake ya Januari 2007 kwamba kampuni ilitegemea takwimu za majeraha ya mtu mmoja mmoja kupima usalama wa mitambo. Kwenu, ripoti iwe na mstari wa peke yake kwa vali ya usalama ya boila na kifaa kinachozima moto wa boila maji yakipungua: vilijaribiwa lini, na nani.

KufuliNyekundu

Hiyo bonasi ndiyo inayofunga daftari lako. Anayeripoti kidole kilichochubuka anawakosesha wenzake 20,000, nani atathubutu? Pesa ibaki, masharti yabadilike: ilipwe kwa hoja zilizoripotiwa na kufungwa ndani ya siku 14. Waambie mapema kwamba maripoti yataongezeka sana miezi ya mwanzo, la sivyo mkurugenzi atadhani usalama umeshuka na kuirudisha ya zamani.