Kokwa za fenesi la Dole: nizipande vipi uani kwangu Tunguu, Unguja?

Bint Tunguu

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Jana mume wangu kaja na fenesi kutoka Dole, kanunua kwa kijana anayeuza kwa baiskeli. Ni lile gumu la kutafuna, nyama yake manjano iliyokolea, na utamu wake sijauona kwa muda mrefu. Tumekula sisi, tumewapelekea majirani, na bado limebaki. Kokwa nimezikusanya kwenye bakuli. Mama mkwe anazitaka azichemshe, nimemuomba aniachie kiasi.

Tumehamia karibuni kwenye nyumba yetu wenyewe na nyuma pana nafasi. Upande wa mbele mafundi walipochimba msingi walikutana na jiwe mapema tu, lakini nyuma, kuelekea mpaka wa jirani, sururu inazama vizuri na udongo ni mwekundu. Nataka mti wa kivuli na wa kula, watoto wakue nao.

Naomba mnisaidie. Kokwa nizianike kwanza kama mbegu za maboga? Nipande kwenye kopo au ardhini moja kwa moja? Na mti utakaoota utazaa fenesi kama hili? Shoga yangu kaniambia mfenesi wa kokwa unachukua miaka 15 ndipo uzae, nimevunjika moyo.

Mkulima Koani

Wa alaykumu salaam dada. Usizianike hata kidogo. Zioshe na uzifukie leo leo. Na hiyo miaka 15 usiitie moyoni: penye udongo mzuri na maji, mfenesi wa kokwa huanza kuzaa baina ya miaka minne na minane. Penye jiwe ndipo unapochelewa, au hauzai kabisa.

Mama Mtambwe

Mwanangu, hongera kwa nyumba, Mungu aitie baraka. Mimi niko Pemba, na miti ya matunda ndiyo kazi yangu tangu utotoni, kwa hivyo nivumilie nikirefusha.

Kwanza zitoe kokwa kwenye bakuli sasa hivi. Mahindi unayakausha, unayaweka darini juu ya moshi, msimu ujao unapanda na yanaota. Kokwa ya fenesi haina subira hiyo. Inatoka tundani na maji yake ndani, na maji hayo yakikauka imekufa. Ukiikuta imenywea na ngozi imekunjamana, mpe mama mkwe aichemshe. Kwenye friji usitie, baridi nayo inaiua. Kama leo hupati nafasi ya kupanda, chukua unga wa makumbi ya nazi, uloweshe kidogo tu, zifukie humo na uweke kivulini. Zitangoja wiki chache. Lakini kila zikikaa idadi ya zitakazoota inapungua, na nyengine zitaanza kutoa mzizi humo humo.

Kila kokwa imevaa ngozi nyembamba yenye ute. Uoshe huo ute mpaka uishe, sugua hata kwa mchanga, kwa sababu utamu unaobaki unaita sisimizi na ukungu. Halafu zitie kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea ziache, zinazozama zilale ndani ya maji usiku mmoja. Katika zilizozama chagua zile kubwa na nzito. Fenesi moja linaweza kuwa na kokwa 100 mpaka 500, sasa huna sababu ya kupanda dhaifu.

Sasa kopo au ardhini. Mimi msimamo wangu ni ardhini, mahali pale pale mti utakapoishi. Kokwa ya fenesi hutanguliza mzizi. Kabla hujaona jani lolote, chini mzizi mkuu umeshashuka, na unataka kushuka moja kwa moja. Ukiupandia kwenye kopo fupi unafika kitakoni na kuanza kujizungusha, na ukishajizungusha haunyooki tena. Mche unaonekana mzuri juu, kumbe chini umefungika. Ukija kuuhamisha na kuukata ule mzizi, unasinyaa, na mingi hufa.

Chimba shimo upana sentimita 60 na kina hivyo hivyo. Udongo wa juu uweke upande wake, wa chini upande wake. Changanya ule wa juu na samadi iliyooza sawasawa. Nasema iliyooza, maana mbichi inaunguza mizizi michanga. Rudishia, na juu paache pawe na kilima kidogo ili maji ya masika yasituame. Mfenesi unapenda maji, lakini hauwezi kusimama ndani ya maji. Siku chache za kutuama zinatosha kuua hata mti uliokwisha kuwa mkubwa.

Kabla hujachimba, pima. Chukua mtaimbo uupige sehemu tatu nne za hapo nyuma. Umesema udongo ni mwekundu, kwetu huo ni kinongo na ndio mfenesi unaoutaka. Lakini Tunguu iko karibu na uwanda, yaani ardhi ya mawe, kinongo na jiwe hukaa jirani. Unaweza kuwa na udongo mzuri juu na bapa la jiwe chini yake. Mahali mtaimbo unapozama bila kugonga, hapo ndipo.

Shimo moja tia kokwa tatu, ziachane kama shubiri moja. Zilaze ubavu, kina chake pingili moja ya kidole, fukia, mwagia maji, tandaza majani makavu. Zinaota baada ya wiki moja mpaka nne, inategemea. Tafadhali usifukue kuangalia! Ukifukua unavunja ule mzizi na umeimaliza kazi yote. Zikishaota na kupata majani kadhaa, chagua mche mmoja wenye shina nene na ulionyooka. Hiyo miwili ikate kwa kisu usawa wa ardhi. Usiing'oe, utatikisa mizizi ya mwenzao.

Ukiamua kwa kiriba (wengine hawana njia, kama wanaopanga nyumba), kiwe kirefu na kitobolewe chini. Bora zaidi pakacha, kwa sababu unalizika zima na linaoza ardhini, mzizi hauguswi. Uhamishe mche ukiwa na majani kama manne, usingoje uwe mrefu. Kokwa ulizootesha mwezi wa kwanza zinakuwa tayari masika inapoanza, na huo ndio wakati mzuri wa kuziingiza ardhini.

Mche mdogo hauhimili jua la kaskazi. Simika kuti upande wa jua la mchana, uliondoe kidogo kidogo mche unapopata nguvu. Zungushia miba au wavu kwa ajili ya kuku na mbuzi. Mbuzi anayapenda majani ya mfenesi kuliko unavyodhani, akipita mara moja tu umebaki na kijiti. Yale majani makavu yasiguse shina, ni kuwaita mchwa.

Sasa swali lako la tatu, na hapa nitakwambia ukweli ingawa haufurahishi. Hakuna wa kukuahidi fenesi kama hilo. Kokwa uliyonayo mama yake ni mti wa Dole, lakini chavua imetoka kwenye maua ya dume ya mfenesi huo au mwengine wa jirani. Hapa kwetu kuna mifenesi miwili iliyotoka tunda moja, mmoja unazaa gumu la kutafuna, wa pili unazaa laini la kuteleza, hilo ambalo wazee wasio na meno wanalipenda. Yote miwili mitamu, lakini si sawa. Kwa hiyo ukipanda kokwa unapanda kwa tawakkul. Hata hivyo hutapata hasara. Fenesi changa linapikwa kwa nazi, kokwa zinaliwa, majani ya mbuzi, na mbao zake za manjano mafundi wanazitaka kwa milango na makasha.

Jambo la mwisho. Umesema kiwanja ni chenu, alhamdulillah. Nasema kwa faida ya wengine wanaosoma, maana huku visiwani mwenye mti si lazima awe mwenye ardhi. Ukiazimwa shamba unaruhusiwa muhogo na viazi, lakini mti wa kudumu ni jambo la kukubaliana kwanza, na mashahidi wawepo. Ugomvi wa miti nimeuona ukifikisha ndugu mahakamani.

Bint Tunguu

Mama, Mungu akuzidishie. Kokwa nimeshazitia kwenye makumbi. Mtaimbo tumepiga leo: pembe moja umegonga jiwe, katikati umezama wote. Kutoka hapo mpaka ukuta wa nyumba ni kama mita 6, na upande huo ndiko lilipo karo la choo. Kuna tatizo?

Na mama mkwe kaniambia nisipoteze nguvu, kwao Muyuni walikuwa na mfenesi dume. Unatoa vifenesi vidogo vidogo, vinageuka vyeusi, vinaanguka. Nitajuaje kama wangu si dume?

Fundi wa Kwarara

Dada mimi ni muashi, nizungumzie karo tu. Mita 6 ni karibu mno kwa mti huo. Mizizi inafuata unyevu, na karo ndilo lenye unyevu mwaka mzima. Ikipata ufa baina ya matofali inaingia, ikinenepa inasukuma. Nimefukua makaro yaliyojaa mizizi, ni kazi mbaya na ya gharama. Sogeza mita 8 kwa uchache, ukipata 10 ndiyo salama, kutoka kwenye karo na kutoka kwenye msingi. Kama haipatikani, afadhali upande mlimau hapo.

Mama Mtambwe

Fundi kasema kweli, mfuate.

Mama mkwe mpe salamu zangu nyingi, na umwambie kwa adabu kwamba mfenesi hauna dume na jike. Mti mmoja unabeba maua ya aina zote mbili. Yale ya dume ni madogo, marefu kidogo, mengi yanakaa kwenye matawi ya juu na ya nje. Yanatoa chavua ya manjano, yakimaliza kazi yanashika ukungu, yanakuwa meusi na kuanguka. Hiyo ndiyo kawaida yake, si ugonjwa. Ya jike yanatoka kwenye shina na matawi mazito, kikonyo chake kinene na pale kinapokutana na ua pana pete. Hayo ndiyo yanayokuwa fenesi.

Mfenesi mchanga mara nyingi hutanguliza maua ya dume peke yake, msimu mmoja au zaidi. Watu wakiona vyeusi vinaanguka wanachukua shoka. Inaniuma sana, maana wangengoja kidogo wangekula. Labda ule wa Muyuni nao ulikatwa kabla ya wakati wake.

Kwa kuwa uko karibu na mpaka, zungumza na jirani kabla hujapanda, na ukishafika urefu wa mtu mara mbili ukate kilele. Utatanuka badala ya kwenda juu, na mafenesi utayafikia bila ngazi. Fenesi la kilo 20 likimwangukia mtoto wa jirani si jambo la kuombea. Likishakomaa livishe gunia, komba na kunguru wasilitoboe, na uwe unaligonga kwa vidole: likiitika kwa sauti nzito ya uwazi na harufu imeanza, likate. Kisu na mikono pakaa mafuta ya nazi kwanza.

Mkulima Koani

Nimrudishe dada kwenye shauku yake, maana nahisi analitaka fenesi lile lile. Njia ipo, ni kubebesha. Kokwa zako ziote, ziwe shina. Mche ukifika unene wa kalamu ya risasi, unakata kikonyo, yaani kijiti cha tawi, kutoka mti wa Dole wenyewe na kukiunganisha juu yake. Hapo utapata tunda la mti ule, na utazaa mapema kuliko wa kokwa mtupu. Mfenesi ni mgumu kubebesha kuliko mwembe kwa sababu ya ulimbo, kwa hiyo mpe mtu anayejua. Pale Kizimbani kwenye utafiti wa kilimo ulizia, wapo wenye ujuzi wa vitalu. La kwanza ni kuupata mti. Mwambie shemeji amtafute kijana wa baiskeli.

Bint Tunguu

Amempata! Kijana kasema mti ni wa mjomba wake, na mzee ameridhia tukate vikonyo bila malipo, ila tukate wakati mti haujatoa maua. Shimo tumelisogeza, sasa liko mita 9 kutoka kwenye karo. Jirani naye karidhika, kaomba tu kokwa mbili. Kikonyo kikikatwa Dole kitafika Tunguu kikiwa hai?

Mkulima Koani

Kitafika. Chagua tawi lililokomaa, si lile jororo la kijani, lenye jicho la ncha lililovimba na halijafunguka. Kata asubuhi, ondoa majani papo hapo ubakishe vikonyo vyake tu, uache ulimbo uchuruzike na uufute. Kisha kizungushie kitambaa kibichi kilichokamuliwa, ndani ya mfuko, na usikiache kwenye jua la daladala. Kibebeshwe siku hiyo hiyo. Kata vitano sita kwa mche mmoja ulionao, na kokwa usipande tatu tu. Panda nyengine kumi kwenye viriba virefu, maana si kila kiungo kinashika.

Bint Tunguu

Nimekuelewa kaka. Kesho natafuta viriba Mwanakwerekwe, na mama mkwe nimemwambia kokwa za kuchemsha asubiri fenesi lijalo.