Dkt. Julian Tudor Hart wa Glyncorrwg: mbinu yake ya presha inafaa zahanati ya kijiji?

Mfawidhi_Kijijini
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kuelewa alichofanya hasa Dkt. Julian Tudor Hart pale Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales. Anatajwa kwa kuwapima presha watu wazima wa kijiji kizima, na kwa kanuni aliyoiandika 1971 kwamba huduma nzuri hupatikana kwa shida zaidi kule inakohitajika zaidi. Zahanati yenye watu kama 2,000, wahudumu 3 na mashine moja ya betri ianzie wapi? Aliwapataje wasiokuja hospitali? Na kazi hii hukwamia wapi?

Daftari_na_Kalamu
Mkuu, anza na orodha ya majina. Mashine baadaye.

Hart alifika Glyncorrwg 1961. Katika mfumo wa afya wa Uingereza, ulioanza 1948, mkazi anajiandikisha kwa daktari wake wa familia, na sehemu kubwa ya malipo ya daktari ilihesabiwa kwa kichwa, mtu awe ameugua au hajaugua. Kijiji kiko mwisho kabisa wa bonde, kwa hiyo karibu wakazi wote walikuwa wake. Ndiyo maana aliweza kujibu swali ambalo daftari letu la wagonjwa wa nje haliwezi kulijibu: nani hajapimwa? Daftari hilo, yaani MTUHA namba 5, linakuonyesha waliofika tu. Kijana wa miaka 38 mwenye 190/115 ambaye haumwi popote hayumo humo, na huyo ndiye Hart alikuwa anamtafuta.

Pata daftari la wakazi kwa mtendaji au wenyeviti wa vitongoji. Nunua kaunta buku, kila mtu mzima apate mstari wake: jina, mwaka wa kuzaliwa, kitongoji, tarehe ya kupimwa, kipimo cha kwanza, cha pili, tarehe ya kurudi. Mistari mitupu ndiyo kazi iliyobaki. Hart, alipoanza upimaji huo 1968, aliutumia ujio wa kawaida: mtu akija kwa kikohozi au kidonda, anapimwa na presha. Wakibaki wachache ndipo unawafuata, na utakuta wengi ni wanaume. Tuseme una watu wazima 1,000: ukipima 5 tu wa orodha kila siku ya kazi, unamaliza kwa wiki 40 bila kuitisha kampeni yoyote. Mimi siamini katika siku ya maonyesho yenye mahema na foleni ya watu 300. Vipimo vya siku ile huwa vibovu, na wiki inayofuata hakuna anayejua nani alikuwa na ngapi.

Nesi_wa_Zamu
Naongezea upande wa kipimo, maana hapo ndipo watu wazima wenye afya wanageuzwa wagonjwa.

Akae dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane. Aulizwe kama amebanwa na mkojo, na kama amevuta sigara au kunywa kahawa ndani ya nusu saa iliyopita. Mkono uwekwe juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Ukining'inia, namba inapanda. Usifunge juu ya nguo, wala usikunje shati la mikono mirefu mpaka libane juu ya kiwiko. Mama mwenye mtoto anayelia mapajani amkabidhi mtu kwanza. Wakati mashine inapima, yeye na wewe mnyamaze.

Mkanda wenyewe una alama za mzingo wa mkono, wa kawaida mara nyingi ni sm 22 hadi 32. Mkono ukizidi hapo, presha itasomeka juu kuliko ilivyo, kwa hiyo agizeni na mkanda mkubwa mmoja. Pima mara mbili, acha dakika 1 katikati, andika zote mbili kama zilivyo. Ukiona daftari limejaa 140/90, 150/100, 160/100, ujue kuna mtu anakadiria, hasa kama mnatumia mashine ya kusikiliza. Punguzeni upepo taratibu, milimita 2 kwa sekunde. Na kama hali si ya dharura, kipimo cha siku moja hakitoshi kumwanzishia mtu dawa ya maisha. Arudi siku nyingine.

Mombasa_CHP
Huku Kenya tangu 2023 sisi wahudumu wa afya wa jamii tumepewa mikoba yenye mashine ya presha, na kila mmoja ana kaya zake alizoandikisha, kwa hiyo orodha ipo tayari. Kwetu inakwama kwenye rufaa: unampata mtu, unamtuma kituoni, anafika anakuta dawa hakuna.

Daftari_na_Kalamu
@Mombasa_CHP umegusa penyewe. Hart aliisisitiza sana ile kanuni ya nusu: nusu ya wenye presha hawajulikani, nusu ya wanaojulikana hawatibiwi, nusu ya wanaotibiwa presha yao haijatulia. Kati ya 8 anabaki 1. Ukipima bila dawa umesogeza nusu ya kwanza tu.

Piga hesabu kabla. Watu 100 wa kidonge kimoja cha amlodipini kwa siku ni vidonge 3,000 kwa mwezi. Anza na walio juu zaidi, halafu shuka kadiri stoo inavyoruhusu. Hart naye alitibu kwa viwango vilivyokuwa juu kuliko 140/90 ya leo.

Matokeo yake yalichapishwa 1991. Kwa wagonjwa wa presha waliofuatiliwa, wastani ulishuka kutoka 186/110 hadi 146/84, na wavutaji kati yao kutoka asilimia 56 hadi 20. Vifo vya mapema vilikuwa chini kwa asilimia 28 kuliko kijiji jirani. Ni kijiji kimoja kulinganishwa na kimoja, kwa hiyo usiibebe namba hiyo kama ahadi. Lakini mgodi wa pale ulikuwa umefungwa 1970 na ajira zikaondoka, na bado watu waliendelea kurudi kliniki.

Mfawidhi_Kijijini
Nashukuru sana wakuu. Na anayeacha dawa je?

Nesi_wa_Zamu
Muulize kinachomsumbua kabla hujamgombeza. Amlodipini huvimbisha miguu, kaptoprili huleta kikohozi kikavu, ya kukojoza ikinywewa jioni inamkosesha usingizi. Wengine wanaacha kwa sababu kipimo kimeshuka, wakadhani wamepona. Mwambie siku ile ile ya kwanza kwamba kimeshuka kwa sababu ya kidonge. Kadi zao ziwekeni kwenye boksi lenye vigawanyo 12 kwa mwezi wa kurudi, si kwa alfabeti. Akija, kadi inahamia mwezi mwingine. Mwezi ukiisha, zilizobaki kwenye kigawanyo hicho ndio watu wa kupigiwa simu.