Naomba ushauri: utando wa silikoni unapasuka ukihamia kwenye PET (plastiki inayopindika)

Habari zenu wakuu. Natengeneza transista za kupindika kwa utando wa silikoni (silicon, ile ya chipu) wenye unene wa nanomita 200. Fosforasi, ya kuongeza upitishaji wa umeme, naiingiza kwenye silikoni kabla ya kuihamisha, maana PET haihimili joto la hatua hiyo. Tabaka la oksaidi lililo chini ya silikoni naliyeyusha kwa asidi ya HF (hidrofloriki) 49% kupitia matundu ya mraba yaliyotobolewa kwenye utando, kisha nanyanyua utando kwa muhuri wa PDMS (mpira laini), haraka, na kuubandika polepole juu ya gundi ya SU-8 (resini inayogandishwa kwa mwanga wa UV) iliyopakwa kwenye PET.

Kunyanyua hakuna shida. Nyufa ndizo zinanitesa: zinaanzia kwenye pembe za matundu, na kihami cha geti (tabaka linalotenga umeme kati ya silikoni na geti, yaani elektrodi inayodhibiti transista) kikipita juu ya nyufa hizo mkondo unavuja. Nimepunguza mgandamizo, bado.

Je, matundu ya duara yatatosha, au ni SU-8 inayosinyaa ikigandishwa kwa UV? Na hiyo SU-8 niipashe joto nyuzi ngapi kabla ya kubandika?