Mawe ya Side

Side: Jamani ndo narudi ufukweni, dhoruba ya juzi imekula ukingo tena. Ona nilichookota [picha] mawe 14, ya watu wa kale kabisa hayo

Shangazi Zuhura: Hizo si kokoto mwanangu? Na hilo beseni langu

Anko Hamisi: Hebu piga picha moja moja, kwa karibu. Jiwe lililochongwa na mtu lina kinundu pale lilipogongwa, afu kunakuwa na mawimbi mawimbi kama ndani ya kombe la baharini. Lililogongwa na bahari lina madonda kila upande hayana mpango

Side: [picha] [picha] hili je?

Anko Hamisi: Mmh. Hilo ndilo. Gumegume hilo, lile jiwe gumu la kuwashia moto, makovu ya kuchongwa yanafuatana na makali hayajalika, yaani halijabingirishwa sana na maji. Mengine 13 rudisha. Umelitoa wapi hasa?

Side: Si hapo ufukweni

Anko Hamisi: Ufukwe wote huo bana!!

Side: Karibu na lile gogo… ila gogo nadhani maji yameshalibeba

Mwanaidi: 😂😂😂

Anko Hamisi: Msicheke. Jiwe lenyewe halisemi miaka yake, inasemwa na udongo lilimolala. Kule Happisburgh Uingereza mwaka 2000 mtu anatembeza mbwa wake akaona shoka la mkono la jiwe limenasa kwenye tope, na kwa vile lilikuwa bado kwenye tabaka lake wataalamu wakapata pa kuanzia, kumbe lina kama miaka laki 5. 2013 hapohapo zikatokea nyayo za watu, zaidi ya miaka laki 8, wiki mbili tu bahari ikafuta zote

Shangazi Zuhura: Wiki mbili!! Miaka yote hiyo zimekaa salama

Anko Hamisi: Zimebaki picha walizowahi kupiga. Ndo maana kuokota lililokwisha kudondoka sikulaumu, lingeondoka tu. Ila kwanza picha likiwa palepale, weka sarafu pembeni watu wajue ukubwa, hifadhi lokesheni kwenye simu, afu wapelekee makumbusho waone. Lililo bado ndani ya ukingo usiguse

Side: Eeh kuna moja linachungulia kule juu nilitaka kesho nichokonoe na bisibisi 🙈

Anko Hamisi: THUBUTU. Ukingo umelowa huo utakufukia. Piga picha kwa mbali basi

Side: Sawa anko. Ila hili nilishalisugua na brashi ya waya, lilikuwa na tope

Anko Hamisi: 🤦🏾

Mwanaidi: Anko kaenda ofulaini

Shangazi Zuhura: Beseni langu