Tupeane uzoefu: kikao chako cha kwanza kwenye chumba cha chumvi kavu kilikuwaje?

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi naingia chumba cha chumvi, kile unachokaa ukivuta hewa yenye chumvi laini, kwa mara ya kwanza. Nina mafua ya mzio miaka mingi sasa. Vumbi kidogo tu, pua zote mbili zinaziba na usiku nahemea mdomo. Matangazo nimesoma hadi nimechoka, kila moja linaahidi kuponya kila kitu. Nataka kumsikia mtu aliyekaa mle ndani: ulivaa nini, ulihisi nini, ulitoka ukiwaje? Hata kama hukupata nafuu, tusimulie.

Kifua Chepesi:
Mkuu, mimi nimeingia mara kumi na kitu, acha nikupeleke taratibu.

Viatu unaacha mlangoni, unavaa soksi safi. Chumba nilichoingia kilikuwa kimemwagwa chumvi ya mawe sakafuni, ukikanyaga inalia kama kokoto. Taa hafifu, viti vya kulalia, kimya. Ukutani pana tundu dogo, na hilo ndilo la kulitazama, kwa sababu nyuma yake kuna mashine wanayoiita halojenereta. Inasaga chumvi safi, kavu kabisa, mpaka punje zinakuwa za mikromita 1 hadi 5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), halafu feni inazipuliza chumbani. Udogo huo una maana yake: punje kubwa zingeishia puani na kooni, hizi ndogo zinashuka hadi ndani ya mapafu. Utaisikia mashine ikinguruma, inanyamaza, inaanza tena.

Usitarajie wingu zito. Dakika kumi za mwanzo nilijiuliza kama mashine imewashwa kweli. Kisha nikalamba midomo, nikaonja chumvi. Baada ya hapo koo likaanza kukereketa kidogo na pua ikachuruzika. Nusu ya pili nilisinzia. Kikao cha mtu mzima kwa kawaida ni kama dakika 45.

Kazi yenyewe niliiona jioni. Nilikohoa makohozi mepesi, yanatoka bila kuyalazimisha, mimi ambaye asubuhi huwa nakohoa hadi mbavu zinauma. Kesho yake vivyo hivyo, siku ya tatu hali ikarudi ilivyokuwa. Ninakwenda kwa sababu napata siku mbili za kupumua vizuri, na kwangu siku mbili si haba. Maji kunywa ya kutosha kabla na baada, maana inakausha.

Mama Wawili:
Mimi nilimpeleka mwanangu wa miaka minne. Vikao vya watoto ni vifupi, na wanachezea chumvi kwa vijiko na ndoo kama mchanga. Alifurahi mno, mpaka alipojifikicha macho kwa mikono yenye chumvi. Alilia, jamani, nikatoka naye mbio kumwosha. Mzazi unayekwenda na mtoto, beba kitambaa chenye maji na umkanye mapema. Na nyie mnaovaa lenzi za macho, zivueni kabla. Kikohozi chake cha usiku sikuona kimebadilika.

Pumu Tangu Utotoni:
Naomba mnisome vizuri, hasa wenye pumu wenzangu.

Niliambiwa niache kila kitu kwenye kabati nje, simu na mkoba, kwa sababu chumvi inaharibu vyombo vya umeme. Nikatii. Inhela yangu, kile kichupa cha kuvuta dawa ya pumu, ilikuwa ndani ya mkoba. Kama robo saa hivi kifua kikaanza kubana, nikasikia ule mluzi ninaoujua. Nikamwita mhudumu, akanijibu nitulie, eti huo ni uchafu unatoka. Mpaka nafika kabatini nilikuwa siwezi kumaliza sentensi.

Daktari wangu alinieleza baadaye: chumvi huvuta maji kwenye utando wa njia ya hewa, na ndiyo sababu makohozi yanalainika. Lakini njia ya hewa yenye pumu inaweza kushtuka na kujikaza kwa kitu hichohicho. Kumbe hospitalini maji ya chumvi kali hutumika hata kupima kama mapafu ya mtu ni mepesi kushtuka! Mimi nilikuwa nimeingia na pumu ambayo haijatulia wiki nzima, na hakuna aliyeniuliza.

Sisemi msiende. Nasema inhela ikae mkononi, na mtu akikwambia kubanwa kifua ni uchafu unatoka, ondoka hapo.

Mleta mada:
Pole sana dada. Hili hakuna tangazo lililolisema. Hivi wazo hili lilitoka wapi?

Msoma Historia:
Kwenye migodi, mkuu. Feliks Boczkowski, daktari wa mgodi wa chumvi wa Wieliczka huko Poland, aliandika kuhusu matibabu ya kule mwaka 1843. Hadi leo kuna kituo cha tiba ndani ya mgodi huo, mita 135 chini ya ardhi. Ila tukumbuke, kule chini hakuna chavua wala vumbi la barabarani, na hewa ni ya baridi. Nani atatenganisha nafuu ya chumvi na nafuu ya kukimbia vumbi? Chumba cha mjini kinaiga kipande kimoja tu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kama kuna mashine ya kusaga. Kuta za chumvi ya waridi zenye taa ni nzuri kwa macho, lakini tofali la chumvi halirushi punje zake hewani lenyewe.

Muuguzi Mstaafu:
Wanangu, niongeze machache. Mwenye homa, anayekohoa damu, mwenye kifua kikuu au presha isiyotulia asiingie kabla ya kumwona daktari. Tafiti zilizopo nyingi ni ndogo, hazitoshi kusema chumba hiki kinatibu ugonjwa fulani. Mtasikia pia kwamba hospitali zinatumia chumvi kwa wagonjwa wa mapafu. Ni kweli, wenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makohozi mazito, huvuta mvuke wa maji ya chumvi kwa kipimo maalumu, lakini hiyo ni dawa ya kuandikiwa, si chumba cha mapumziko. Dawa zenu za kila siku msiziache hata kama mmetoka mle mnajisikia wepesi.

Mleta mada:
Nimerudi. Niliuliza kuhusu mashine kabla ya kuvua viatu, wakanionyesha tundu lake. Nilikaa mbali nalo kidogo kwa sababu ya simulizi la dada yetu. Midomo ilipata chumvi kama dakika ya kumi na mbili, nikapiga chafya mfululizo, kisha ikatulia. Wakati wa kikao pua haikufunguka hata kidogo, nikakata tamaa. Usiku nimelala nimefunga mdomo hadi alfajiri. Leo ni siku ya tatu, upande wa kushoto umeanza kuziba tena.

Nilivaa shati jeusi, limetoka na vumbi jeupe mabegani, kwa hiyo vaeni nguo za rangi hafifu. Nimelipia kikao kingine kimoja tu, na dawa yangu ya pua naendelea nayo. Walioenda zaidi ya mara ishirini bado sijawasikia hapa, karibuni mseme.