Spermidini kwa mama aliyeanza kusahau: nimpe vidonge au nisubiri?

Kifungua Mimba
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama yangu ana miaka 68. Jumapili alitia chumvi kwenye sufuria, akageuka kuchukua mwiko, akarudi akatia tena. Nilimtazama nikashindwa kusema neno. Sasa rafiki kaniletea kopo la vidonge vya spermidini, anasema vinarudisha kumbukumbu. Kopo limeandikwa "kiini cha ngano". Nimpe? Kuna aliyewahi kutumia?

Jiko la Afya
Pole sana ndugu yangu. Spermidini si kitu kigeni, kila seli inaitengeneza na bakteria wa utumbo pia. Nyingine tunaila: kiini cha ngano, soya, uyoga, jamii ya kunde, jibini iliyokaa muda mrefu. Inashikamana na DNA na RNA, inasaidia kutengeneza protini, na inaamsha usafi wa ndani ya seli, yaani seli kuvunja vipande vyake vilivyochakaa na kuvitumia upya. Utafiti wa usafi huo ndio uliompa Yoshinori Ohsumi Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba hamira, nzi na minyoo wakipewa spermidini wanaishi muda mrefu zaidi. Mimi ningempa.

Binti Maabara
Dada, hamira na mama wa mtu wapi na wapi? Kuna jaribio la Berlin lililogusa hasa swali lake. Wazee 100 waliohisi kumbukumbu zao zinapungua waligawanywa makundi mawili: wengine vidonge vya kiini cha ngano, wengine vidonge visivyo na kitu, miezi 12. Majibu yalitoka 2022, na kumbukumbu za makundi hayo hazikutofautiana. Dozi ilikuwa ndogo, kama miligramu 0.9 kwa siku, kwa hiyo mlango haujafungwa. Ila anayekuuzia kumbukumbu leo anakuuzia tumaini.

Kwenye chakula habari ni nzuri kidogo. Huko Bruneck, Italia, watu 829 walifuatiliwa miaka 20, na kati ya waliokula spermidini nyingi zaidi walikufa wachache zaidi. Lakini mtu anayependa mboga na nafaka zisizokobolewa huwa na mazoea mengine mazuri pia.

Kifungua Mimba
Ahsanteni. Kuna jambo sikulisema mwanzo. Mama alitibiwa saratani ya titi, na bado anameza dawa kila siku.

Binti Maabara
Basi usimpe kwanza, nakusihi. Seli zinazogawanyika haraka, kama za saratani, zinahitaji sana spermidini na kemikali za jamii yake. Eflornithini, dawa ya malale, hufanya kazi kwa kuzuia kemikali hizo zisitengenezwe, na mwaka 2023 Marekani iliiruhusu kwa watoto waliougua nyuroblastoma, saratani ya seli changa za neva. Sisemi kopo litamrudishia ugonjwa. Nasema daktari wake wa saratani alione kwanza.

Jiko la Afya
Hilo la saratani sikulijua. Nafuta ushauri wangu wa vidonge. Chakula cha kawaida aendelee nacho.

Babu Kijiwe
Mwanangu, kusahau kuna sababu nyingi, na baadhi zinatibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, dawa zenyewe anazomeza, usingizi mbovu, huzuni. Mpeleke apimwe. Na chumvi ikizidi, usimsahihishe mbele ya wajukuu.

Kifungua Mimba
Shikamoo babu, nimekuelewa. Miadi ni Alhamisi, kopo nalibeba likiwa bado limefungwa.