Oracle ya kujaribia kwenye laptopu, nianzie wapi?

Wakuu nataka databesi ya Oracle ya majaribio, laptopu ina RAM GB 8 tu, kuinstoli mwanzo mwisho naona mlolongo, hakuna njia ya mkato?

— Mkuu usijitese, Oracle wenyewe wanatoa mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) imeshapangwa kila kitu, shusha faili lake la .ova, fungua VirtualBox (programu ya kuendeshea mashine pepe), nenda File halafu Import Appliance, subiri basi. Ila faili zito balaa, tafuta bando la usiku.

— Ukishaiwasha tu piga snapshoti (kumbukumbu ya mashine ilivyo muda huo) kabla hujagusa chochote, ukivuruga majedwali unarudi pale pale. RAM ipe GB 4, ukiimalizia yote laptopu inaganda.

— SQL Developer (programu ya kufanyia kazi databesi) ikigoma kuunganisha cheki poti 1521 (mlango wa mtandao wa Oracle), kama netiweki ya mashine pepe ni NAT (imejificha nyuma ya laptopu) lazima uiforwadi, yaani poti ya laptopu uielekeze kwenye mashine pepe.

— Snapshoti zinakula diski?

— Zinakula, futa za zamani.